Waranti ya nyumba Marekani: kinga iliyozaliwa mezani pa dalali

Anayenunua nyumba iliyokwishakaliwa na wengine huko Marekani, awe mzaliwa wa Ohio au mhamiaji kutoka Bukavu aliyepewa makazi huko, karibu hakosi kutajiwa na dalali kitu kinachoitwa waranti ya nyumba. Maelezo yake ni mepesi: lipa dola mia kadhaa kwa mwaka, na hita ya maji, kiyoyozi au friji ikiharibika kampuni italeta fundi, wewe utatoa ada ya kumwita tu. Kama mpango huo unastahili bei yake, watu wengi hulichukulia kuwa suala la hesabu, na kweli hesabu haikwepeki. Lakini hesabu haituelezi kwa nini mpango wenyewe huuzwa siku ile ile ya kununua nyumba, kwa nini aghalabu muuzaji ndiye anayeulipia, wala kwa nini mkataba wake una kurasa nyingi za mambo yasiyohusika. Hayo yanaelezwa na historia. Waranti ya nyumba haikubuniwa kwanza ili kumlinda mwenye nyumba. Ilibuniwa ili mauzo yaende, na anayeijua asili hiyo atajua ni wakati gani itamfaa na ni wakati gani aiache.

Kumtwika mtu mzigo wa nyumba mbovu ni jambo la kale, na kwa muda mrefu mzigo huo ulikuwa wa mjenzi. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, ziliamuru kwamba nyumba ikianguka ikamuua mwenyewe, aliyeijenga auawe. Na ukuta ukianza kuinama, mjenzi autengeneze kwa fedha yake. Ufaransa, kwa sheria za Napoleon za mwaka 1804, ilimfunga mjenzi kwa miaka 10, na mwaka 1978 ikaongeza sharti la bima. Uingereza na Marekani zilishika njia nyingine. Kwa mahakama zao za karne ya 19, mnunuzi alipaswa kujihadhari mwenyewe: hati ikishasainiwa, kasoro iliyomo ndani ni yake na watoto wake. Kanuni hiyo haikukosa mantiki. Nyumba ya mkulima wa Marekani ya wakati huo ilikuwa kuta, paa, jiko la kuni na kisima. Mnunuzi makini aliweza kuizunguka, kugonga mbao, kupanda darini, na jioni akawa ameijua.

Kilichoivunja kanuni hiyo ni mashine kuingia ndani ya kuta. Sensa ya Marekani ya mwaka 1940 ilikuta kwamba karibu asilimia 45 ya nyumba hazikuwa na huduma kamili za maji, yaani maji moto na baridi ya bomba, bafu na choo cha kuvuta. Kufikia 1970 zilizokosa zilikuwa chini ya asilimia 7. Ndani ya miaka 30 tu nyumba ya kawaida ikajaa mabomba, nyaya, mota na matanuri ya kupashia joto, na karibu vyote hivyo vimefichwa. Kampuni ya Levitt & Sons, iliyoanza kujenga Levittown ya New York mwaka 1947 na kusimamisha humo nyumba zaidi ya 17,000, ilizika mabomba ya maji moto ndani ya sakafu za zege ili yapashe vyumba joto. Bomba lililozikwa kwenye zege halijulikani hali yake kwa kugonga mbao. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyofikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya New Jersey katika kesi ya Schipper, iliyoamuliwa mwaka 1965. Mtambo wa joto katika nyumba zake ulipeleka maji ya moto mno moja kwa moja kwenye bomba la bafuni, bila valvu ya kuyachanganya na ya baridi, na mtoto mdogo wa mpangaji akaungua vibaya. Mahakama ilisema haioni tofauti ya maana kati ya anayezalisha nyumba kwa wingi na anayezalisha magari. Wote wawili wawajibike. Mwaka 1968 Texas ikafuata. Mjane mmoja alikuwa amenunua nyumba mpya, akawasha moto kwenye meko kwa mara ya kwanza, na nyumba ikashika moto kwa sababu bomba la moshi lilijengwa vibaya. Katika kesi hiyo, Humber dhidi ya Morton, Mahakama ya Juu ya jimbo iliitupilia mbali kanuni ya mnunuzi kujihadhari kwa upande wa nyumba mpya.

Wajenzi walisoma alama za nyakati. Uingereza tangu 1936 ilikuwa na baraza la kusajili wajenzi, ambalo leo linajulikana kama NHBC, na mfano huo ndio chama cha wajenzi wa Marekani kilioufuata kilipoanzisha mpango wa dhamana ulioitwa HOW mwaka 1974. Mpango ulikuwa wa miaka 10: mwaka wa kwanza ulihusu kazi ya fundi, wa pili mifumo ya umeme, maji na joto, na miaka iliyobaki kasoro kubwa za msingi na kuta. Hapa jina la dhamana lilistahili, kwa maana aliyejenga ndiye aliyeahidi. Hata hivyo, Oktoba 1994 mamlaka ya Virginia iliiweka HOW chini ya ufilisi, na wenye nyumba wengi waliobakiwa na miaka kadhaa mkononi wakajifunza kwamba ahadi ndefu ina nguvu kadiri ya fedha iliyo nyuma yake.

Nyumba ya mitumba, tuseme hivyo, ilibaki nje. Hukumu za 1965 na 1968 ziliwalenga wajenzi, hazikumgusa mwalimu anayemuuzia jirani nyumba aliyoishi miaka 20. Pengo hilo ndilo lililozibwa na American Home Shield, iliyoanzishwa California mwaka 1971. Mwaka mmoja kabla yake mchumi George Akerlof, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alikuwa amechapisha makala yake mashuhuri juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji anapoujua ubovu ambao mnunuzi haujui, mnunuzi humshuku kila mtu, bei huporomoka, na wenye vitu vizuri hujitoa sokoni. Miongoni mwa dawa alizozitaja ni dhamana. Mtu anaweza kusema basi kwamba waranti ya nyumba ni dawa hiyo hiyo, na hoja hii ni nzito kuliko zote zinazotolewa kuitetea. Lakini dhamana hutibu shaka pale tu inapotolewa na yule anayeijua hali ya kitu, maana ndiye atakayeumia akidanganya. Waranti ya nyumba hutolewa na mtu wa tatu ambaye mara nyingi hajakanyaga nyumba yenyewe, na anamtoza mwenye hita mpya bei ile ile anayomtoza mwenye hita ya miaka 15. Hana namna ya kujikinga isipokuwa kwa maandishi: kasoro zilizokuwapo kabla, mtambo uliofungwa vibaya, kifaa kisichotunzwa, vyote vinatengwa. Zile kurasa za mambo yasiyohusika zimetokana na jinsi biashara yenyewe ilivyoumbwa, wala mtu hahitaji kumdhania mwandishi wake ubaya.

Swali linalofuata ni nani aliyenufaika zaidi, na jibu linapatikana mezani pa dalali. Mwaka 1984 mahakama ya rufani ya California iliamua kesi ya Easton dhidi ya Strassburger. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya udongo wa kujazia usioshindiliwa vizuri, mteremko ukaporomoka, na mahakama ikasema dalali ana wajibu wa kukagua na kufichua kasoro zinazoweza kuonekana. Tangu hapo dalali alikuwa na sababu nzito ya kutaka mnunuzi mwenye malalamiko awe na namba nyingine ya kupigia simu badala ya yake. Muuzaji naye alitaka akishauza asisumbuliwe. Ukitafuta ushahidi kwamba mpango huu ulisafiri kwa njia ya madalali, utazame mwaka 2010: Wizara ya Nyumba ya Marekani ililazimika kutoa tafsiri rasmi ya sheria ya 1974 inayokataza malipo ya kupelekeana wateja, ikasema kwamba kampuni ya waranti kumlipa dalali ili tu aipigie debe kwa mnunuzi fulani ni kinyume cha sheria. Serikali haiandiki tafsiri ya namna hiyo juu ya jambo lisilotendeka.

Sasa fedha. Kampuni ya Frontdoor, inayomiliki American Home Shield na iliyojitenga na ServiceMaster mwaka 2018, iliingiza mwaka 2023 mapato ya dola bilioni 1.78 hivi, na takribani nusu ya fedha hizo ndiyo iliyokwenda kwenye gharama za kuwahudumia wateja. Nusu nyingine ililipia matangazo, uendeshaji na faida. Hakuna hila hapo. Takwimu hizo kampuni yenyewe huzitangaza. Ila linganisha na bima ya afya: sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inaitaka kampuni inayowauzia watu binafsi itumie angalau senti 80 za kila dola kwa matibabu na kuboresha huduma, au irudishe tofauti. Waranti ya nyumba haina sharti kama hilo katika sheria za taifa. Kwa wastani, basi, mwenye nyumba anaponunua huduma hii hurejeshewa karibu nusu ya alichotoa.

Wastani haugusi moyo kama mfano. Tanki la hita ya maji hudumu kati ya miaka 8 na 12. Likianza kuvuja, unapiga simu, unalipa ada ambayo mara nyingi ni kati ya dola 75 na 125, na fundi aliyechaguliwa na kampuni anakuja. Akikuta matope ya chokaa yamejaa chini ya tanki kwa kutomwagwa maji kwa miaka, anaweza kuandika kwamba halikutunzwa, na hapo madai yamekwisha. Akikubali, kampuni inalipia tanki; lakini kibali cha manispaa, kitanki cha kupokea mtanuko wa maji kinachodaiwa na kanuni za sasa, na kuhamisha mabomba yasiyolingana na tanki jipya, mikataba mingi humwachia mteja au huviwekea kikomo. Viyoyozi vilitoa funzo kama hilo. Marekani ilipokomesha utengenezaji na uingizaji wa gesi ya R-22 tarehe 1 Januari 2020, gesi iliyobaki ilikuwa ghali, na baadhi ya mikataba ilikuwa na kikomo cha fedha itakayotolewa kwa kila ratili.

Wapo watakaopinga, na hawasemi ovyo. Kijana aliyetoa akiba yake yote kama malipo ya awali hana dola 1,500 za hita mwezi wa pili. Kwake hata kinga pungufu ni kinga. Mzee anayeishi peke yake, au mgeni asiyejua fundi bomba hata mmoja mjini, ananunua pia namba ya simu ya kuaminika. Hoja ya kwanza naikubali kwa mwaka wa kwanza, maana ndio mwaka ambao mfuko uko mtupu na hali ya mitambo haijajulikana. Zaidi ya hapo inadhoofika, kwa kuwa hasara zinazomwangusha mtu kabisa, kama moto au paa kung'olewa na upepo, ni za bima ya nyumba, na waranti haizigusi. Hoja ya pili ni ya kweli lakini ni ghali: fundi mwaminifu hupatikana kwa kuuliza jirani, kanisani au msikitini, naye atamtumikia mwenye nyumba badala ya kampuni inayomlipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe au jamaa yako ananunua nyumba huko, mwombe muuzaji alipie waranti ya mwaka wa kwanza, naye mara nyingi atakubali. Mdai dalali mkataba wote, usitosheke na kipeperushi. Soma tarehe kwenye lebo ya hita, tanuri na kiyoyozi, umwage maji ya tanki kila mwaka na utunze risiti. Mwaka ukikaribia kwisha, angalia kama mkataba unajirefusha wenyewe, uufute kwa maandishi, na fedha ambayo ungelipa uiweke kila mwezi kwenye akaunti ya matengenezo peke yake. Mwaka wa pili hauna thamani ya bei yake.