Uhamisho wa Wainuiti kwenda Aktiki ya Juu

Uhamisho wa Aktiki ya Juu ulifanywa na serikali ya Kanada mwaka 1953 na 1955. Wainuiti wapatao 90 walitolewa makwao na kupelekwa visiwa vya mbali kaskazini. Wengi walitoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, umbali wa kilomita zipatazo 2,000; familia chache zilichukuliwa Pond Inlet ili ziwafunze wenzao kuishi huko. Majina ya Kiinuiti ya makazi yao mapya yanajieleza: Grise Fiord, kisiwani Ellesmere, ni Aujuittuq, pasipoyeyuka; Resolute, kisiwani Cornwallis, ni Qausuittuq, pasipopambazuka.

Maofisa walidai kwamba bei ya ngozi za mbweha imeanguka, kwamba watu wa Inukjuak wanategemea mno posho, na kwamba huko juu mawindo ni tele. Waliohamishwa wanasema waligeuzwa milingoti ya bendera yenye uhai, kwa kuwa wakati ule wa Vita Baridi Kanada ilitaka visiwa vile vionekane vina wenyewe.

Waliahidiwa kurudishwa baada ya miaka 2 wakitaka. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro, kwani ahadi hiyo ikiondolewa, hoja ya serikali kwamba walikwenda kwa hiari yao haina mguu wa kusimamia. Hata habari ya kutenganishwa katika makazi tofauti waliipata wakiwa tayari safarini, ndani ya meli ya C.D. Howe. Walianza maisha katika mahema, theluji ya kujengea nyumba ikiwa haijatosha. Nyumbani walizoea jua la kila siku, hata kipupwe. Huko juu lilizama Novemba likarudi Februari. Ndege, mayai na matunda ya porini waliyoyazoea yakawa adimu, na sheria iliwakataza kuwinda baadhi ya wanyama. Huko Resolute watu walichakura jalala la kambi ya jeshi la anga.

Miongoni mwa waliopelekwa mwaka 1955 alikuwamo Josephie Flaherty, mtoto wa Robert Flaherty, yule Mmarekani aliyejipatia sifa kwa filamu ya Nanook of the North (1922), iliyopigwa huko huko Inukjuak. John Amagoalik, aliyefikishwa Resolute akiwa mtoto, alikuja kuwa kinara wa harakati zilizozaa eneo la Nunavut mwaka 1999.

Njia ya kurudi ilifunguliwa kwa gharama za serikali mwaka 1989, na watu wapatao 40 wakaondoka. Familia zikagawanyika mara ya pili, maana wapo waliozaliwa kaskazini ambao kwao kulikuwa huko. Tume ya Kifalme ya Kanada kuhusu wenyeji asilia ilipendekeza radhi na fidia mwaka 1994. Mwaka 1996 ukaundwa mfuko wa dola milioni 10, bila radhi. Radhi ilitolewa tarehe 18 Agosti 2010 na waziri John Duncan.

Mwaka huo sanamu mbili za mawe zilisimamishwa. Ile ya Grise Fiord, kazi ya Looty Pijamini, ni mwanamke na mtoto, mwanamke akitazama upande wa Resolute. Ya Resolute, ya Simeonie Amagoalik, ni mwanamume peke yake, anatazama Grise Fiord.