Tundu Juu ya Dirisha

Fundi aliyekuja kukagua madirisha yangu Buruburu hakuwa na mashine yoyote. Alibeba mfuko wenye puti, kisu, nyundo ndogo, na pakiti ya udi wa njiti, ule wa kunukiza nyumba. Aliwasha njiti moja akaipitisha polepole kando ya fremu, macho kwenye moshi. Palipokuwa pazima, moshi ulipanda wima. Palipokuwa na ufa, ulikatika ghafla na kulala ndani ya chumba, kama umesukumwa. Nilihesabu nyufa kumi na moja kwenye dirisha moja.

Ilikuwa Julai, na Nairobi ya Julai tunaijua. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, jua linajificha wiki nzima, na usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12. Nilikuwa nimenunua hita ya wati 2,000. Hita kama hiyo hula yuniti 2 kila saa. Ukiiwasha saa moja jioni ukaizima saa tano usiku, umekula yuniti 8, na ukirudia hivyo mwezi mzima, hesabu yake ni afadhali usiifanye. Mimi niliifanya. Ndipo nikagundua kwamba kwa kweli nilikuwa napasha joto Mumias Road.

Fundi alipomaliza kingo, alipanda kwenye stuli kukagua yale matundu yaliyo juu ya dirisha, ile safu ya nafasi nyembamba ambayo kila mtu aliyekulia Nairobi ameiona na hakuna anayeizungumzia. Yalikuwa yamezibwa kwa magazeti. Nilimwambia azibe vizuri zaidi, kwa simenti ikiwezekana. Akavuta gazeti la kwanza, likatoka na vumbi la miaka.

“Hapa hapazibwi, dada.”

“Lakini baridi inapitia hapo.”

“Si nimekuambia hapazibwi. Stima zikipotea unapikia nini?”

Jiko la makaa, nikasema. Akanitazama tu, akaendelea kuvuta magazeti.

Mambo mengine niliyasoma baadaye, na nikaona lile tundu lina historia ndefu kuliko nyumba yenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Neno dirisha lina asili ya Kiajemi, na lilifika kwetu kupitia pwani, mahali ambapo watu walikuwa wamelifikiria jambo hili kwa karne nyingi. Nyumba ya mawe ya Lamu haikimbilii kufungua madirisha upande wa barabara. Ina daka mlangoni na kiwanda katikati, uwanja mdogo ulio wazi juu, na mwanga na hewa huingilia humo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene kiasi kwamba joto la mchana huchelewa kufika ndani. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, huwezi kuubishia. Mombasa, Mji wa Kale, mbao za madirisha huruhusu upepo upite na macho ya wapita njia yasipite. Kioo hakikuhitajika. Kazi ya dirisha ilikuwa upepo.

Huku bara kwenye baridi, nyumba nyingi za nyasi hazikuwa na dirisha kabisa. Moto ulikaa katikati, watu wakalala karibu nao, moshi ukapenya taratibu kwenye nyasi za paa. Sitaki kuipamba hali hiyo, kwa maana macho na mapafu ya akina mama yalilipa gharama. Lakini nyumba ilipumua kwa paa lake. Mtu angeweza kulala na makaa mekundu na kuamka.

Kisha likaja bati. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji ukaota kandokando yake kwa haraka na bila mpango. Mwaka wa 1902 tauni ikazuka, na soko la Wahindi likachomwa moto. Tangu hapo, hewa ilikuwa siasa. Madaktari wa serikali ya kikoloni walizungumza juu ya msongamano, uchafu, na vyumba visivyo na hewa, na mara nyingi jibu lao lilikuwa kutenganisha watu kwa rangi kuliko kuwajengea nyumba bora. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kukagua afya ya miji yetu mwaka wa 1913, alipendekeza hivyo waziwazi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Sheria ya Afya ya Umma ya 1921, ambayo bado tunayo ingawa imefanyiwa marekebisho mengi, inaihesabu nyumba isiyo na hewa ya kutosha kuwa kero inayoweza kumfikisha mwenyewe mahakamani.

Kwa hiyo tundu juu ya dirisha lilikuja kama amri ya daktari: hewa iingie hata kama anayelala ndani amefunga kila kitu. Wachoraji wa ramani za nyumba huliandika kwa herufi mbili tu, PV. Lengo lilikuwa jema. Ila pita Muthaiga au Karen utazame nyumba za zamani za walowezi. Utaona bomba la moshi juu ya paa. Ndani kuna meko ya ukutani, na hewa iliyoingia kwenye nyufa ilikutana na moto wa magogo. Mfanyakazi wa reli kwenye Landhies alipewa tundu bila meko. Yeye baridi yake angeitatua mwenyewe, na aliitatua kwa njia tuliyorithi sote: jiko la makaa sakafuni na gazeti kwenye tundu.

Dirisha lenyewe, lile la chuma lenye vioo vidogovidogo, ni mgeni mwingine. Huko Braintree, Uingereza, Francis Henry Crittall alianza kutengeneza madirisha ya chuma mwaka wa 1884. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, madirisha ya aina hiyo yalitiwa kwa wingi kwenye nyumba za halmashauri za Uingereza, na mtindo ukasambaa kwenye makoloni. Huku lilipendwa kwa sababu moja isiyopingika: mchwa hali chuma. Mafundi wetu wakajifunza kulichomelea wenyewe, na leo dirisha la chuma la jua kali ni letu kama chapati.

Tatizo lake ni kwamba linataka kutunzwa. Puti ya asili ni chokaa laini iliyokandwa kwa mafuta ya kitani. Jua huikausha, ikapasuka, ikadondoka vipandevipande, na kioo kikabaki kinacheza kwenye fremu. Rangi ikibanduka, kutu huingia, na kutu huvimba, hivyo chuma kinajipinda na dirisha halifungi tena sawasawa. Hapo ndipo unapowaona watu wakilifunga kwa kamba ya katani. Ndiyo maana mashirika yaliyojenga mitaa mizima, Reli na Halmashauri ya Jiji, yalikuwa na mafundi wao wa ukarabati. Kupiga msasa, kupaka rangi, kubadilisha puti, kutia mafuta kwenye bawaba: hizo zilikuwa kazi za mshahara, zenye zamu.

Mafundi hao walipungua kimyakimya. Kufikia miaka ya 1990 halmashauri zilikuwa hoi, na mpangaji wa Eastlands akajua kwamba kioo kikivunjika ni chake. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuuziwa watu wa kipato cha kati, haikuwa na mwajiri wa kuitunza tangu mwanzo. Kila mwenye nyumba alijitegemea, na wengi wakapangisha. Hapo kuna hila ninayotaka uione: anayemiliki dirisha siye anayelipa tokeni. Mwenye nyumba wangu, nilipomwandikia kuhusu nyufa, alinijibu kwa neno moja, “Sawa.” Hiyo ilikuwa Mei. Puti ningeinunua mwenyewe.

Siku hizi wajenzi wamehamia alumini, zile za kusukuma kando. Hazishiki kutu kama chuma, na ni nadhifu. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa kuwa nusu moja hujificha nyuma ya nyingine. Nairobi huenda usijali. Mombasa ni kosa la wazi: tumechukua mji uliojua kukamata upepo, tukaujengea ukuta wa kioo unaotazama jua, kisha tukatundika eisii nje. Bili ya Nyali ya mwezi wa pili ina mizizi yake kwenye mchoro, kabla hata mtu hajahamia.

Turudi kwa mzee wangu. Alikwangua puti yote ya zamani hadi chuma kikaonekana, akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akasubiri, akaweka puti mpya kwa kidole gumba, mstari mmoja mrefu bila kuinua mkono. Bawaba mbili alizigonga zikanyooka. Alinionya nisiipake puti rangi kabla ya wiki mbili. Kioo ni kimoja tu, chembamba, kwa hiyo baridi haijaisha na sitakudanganya. Ila ule mluzi wa usiku umekoma, na hita sasa naiwasha saa moja badala ya nne.

Matundu ya juu aliyaacha wazi, akayawekea wavu wa mbu. Makaa yanayowaka chumbani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hukutoa usingizini na kukupeleka pasipo na kuamka. Kila msimu wa baridi tunasoma habari hiyo hiyo, familia imekutwa asubuhi, jiko katikati ya chumba, kila upenyo umezibwa. Tunaisoma, tunasikitika, tunapitisha kidole kwenye habari inayofuata.

Jioni ile nilitoka nje kutazama dirisha langu kwa mbali, nijisifu kidogo. Ghorofani, kwenye ile nyumba ya nyongeza iliyojengwa mbele ya yetu, niliona matundu ya jirani yamezibwa kwa blanketi. Nilipanda ngazi. Mlangoni palikuwa na jiko, makaa yameanza kushika. Nilimwamkia, nikamweleza kuhusu fundi, udi, na gesi.

Akanisikiliza hadi mwisho, mtoto mgongoni. “Nimekuelewa,” akasema. “Sasa niambie, hawa nawalazaje?”

Sikuwa na jibu. Nilishuka, nikachomoa hita yangu ukutani, nikapanda nayo tena.