Uhandisi au sanaa: uamuzi unaoanza kabla ya fomu ya chuo kikuu

Wanafunzi wengi wa Arua na Koboko hudhani kwamba huchagua kati ya uhandisi na sanaa siku wanapojaza fomu ya kuomba chuo kikuu. Kwa hakika, uamuzi huo huanza miaka miwili kabla, wanapochagua masomo ya kidato cha tano.

Uzito wa masomo

Katika mtihani wa UACE, A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3 na E 2. Vyuo vikuu vya serikali huzidisha pointi hizo kulingana na kozi: somo la msingi mara 3, somo linalohusiana nayo mara 2. Kwa uhandisi wa umeme Makerere, Hisabati na Fizikia ni masomo ya msingi. C ya Fizikia huhesabiwa pointi 12. Aliyesoma Historia, Uchumi na Jiografia hawezi kuingia kozi hiyo hata akipata A tatu. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati bado anaweza kuomba baadhi ya kozi za sanaa.

Hata hivyo, hiyo si sababu ya kumlazimisha mtoto kusoma sayansi. E mbili za Fizikia na Hisabati hazimfikishi kwenye uhandisi, na humpunguzia nafasi kwingineko.

Gharama

Shahada ya uhandisi huchukua miaka 4, na nyingi za sanaa miaka 3. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hupendelea zaidi kozi za sayansi. Mkopo wake hulipa ada, lakini si chakula wala malazi. Familia iliyoko Koboko hubaki na mzigo huo iwapo mtoto anasoma Kampala. Ufadhili wa serikali hutoa pia nafasi za mgao wa wilaya, ambapo mwombaji hushindana na wenzake wa wilaya yake.

Kazi

Tangu Julai 2022, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari za serikali hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wa sanaa akibaki na takriban milioni 1. West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, na umeme huhitaji mafundi na wahandisi.

Upande wa pili, makambi ya wakimbizi ya Lobule na Rhino Camp huhitaji wafanyakazi wa jamii na wakalimani. Mwezi huohuo wa Julai 2022, baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kijana aliyekulia nyumba ya Kiswahili tayari ana mtaji huo.

Kabla ya kuchagua masomo, basi, mzazi na mtoto watazame pamoja matokeo ya Hisabati na Fizikia ya kidato cha nne, wasome masharti ya kozi, na wakubaliane ni nani atakayelipa mwaka wa nne.