Filamu iliyosubiri miaka 22

Vijana wengi wanaofanya mazoezi ya ngumi na mapigano hapa Goma wanalijua pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Wachache wanajua jinsi filamu yake ilivyokaribia kupotea.

Mwongozaji wake, Leon Gast, Mmarekani, alikuja Zaire kupiga picha za tamasha la muziki, si za ngumi. James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley walipanda jukwaani mwezi wa Septemba. Lakini George Foreman alikuwa amechanika juu ya jicho mazoezini, pambano likaahirishwa kwa wiki tano. Wanamuziki wa kigeni wakarudi makwao, Gast akabaki, na kamera zake zikamwandama Muhammad Ali: akikimbia asubuhi huku watoto wakimfuata, akitania, akichochea umati upige kelele za "Ali boma ye" (Ali, muue).

Rais Mobutu alitoa dola milioni 5 kwa kila bondia. Pambano lilianza saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walione usiku kwao. Foreman, mwenye miaka 25, hakuwa amewahi kushindwa. Ali, mwenye miaka 32, alijiegemeza kwenye kamba akaacha apigwe mikononi na mbavuni mpaka mwenzake akaishiwa nguvu. Raundi ya 8 akamwangusha. Tazama vizuri hapo: Foreman anazunguka akielekea chini, Ali amekunja ngumi nyingine tayari, na hairushi. Kwangu hiyo ndiyo picha kubwa kuliko zote katika filamu nzima.

Fedha za kuimaliza kazi zikakosekana, na picha zikalala miaka na miaka. *When We Were Kings* ilitoka mwaka 1996, ikapata Oscar tarehe 24 Machi 1997. Usiku huo Foreman alimshika mkono Ali, aliyekuwa amedhoofishwa na ugonjwa wa Parkinson, akamsaidia kupanda ngazi.

Sisi huku tulikuwa na yetu. Munigi, nje kidogo ya Goma, ilikuwa imeshaona wakimbizi wakifa kwa kipindupindu mwaka 1994. Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa AFDL tangu Novemba 1996, Kisangani ilianguka siku tisa kabla ya Oscar ile, na kufikia Mei Mobutu alikuwa amekimbia na jina la Zaire limefutwa. Nchi iliyotukuzwa kwenye filamu ilikuwa inakufa wakati filamu inapigiwa makofi.

Ninaipenda filamu hii, lakini ina pengo linaloniuma. Wasimulizi wake wakuu ni Wamarekani: Norman Mailer, George Plimpton, Spike Lee. Wakongo wanaimba na kushangilia, ila habari yao inasimuliwa na wengine. Hata *Victoire Terminus* ya mwaka 2008, inayowafuata mabondia wanawake wa Kinshasa, iliongozwa na Wafaransa wawili.

Goma ina bondia Kibomango, aliyewahi kuwa askari mtoto, akapoteza jicho, kisha akawafundisha vijana ngumi. Goma ina Yole!Africa, ambako vijana hujifunza kutengeneza filamu. Wapiganaji wapo, kamera zipo. Enyi vijana wa Munigi, Majengo na Katindo, anzeni kuwarekodi makocha wenu sasa, wangali hai na kumbukumbu zao bado nzima, na muwaache wazungumze kwa Kiswahili chetu.