Land Rover na Toyota katika Njia za Fizi

Katika nchi ya Fizi motokari yo yote inayovuta kwa magurudumu manne huitwa jeep, hata kama mbele yake pameandikwa jina lingine. Jina limebaki, lakini jeep zenyewe zimekwisha. Land Rover nazo, zilizokuwa fahari ya misioni na ya wakubwa wa serikali, zimekuwa chache. Ukisimama sokoni Baraka utaona Toyota na pikipiki. Basi watu husema kwamba Toyota ni chuma na Land Rover ni bati. Sisi hatupendi maneno hayo yapite hivi hivi. Siku hizi mabaraza ya parokia na kamati za afya huombwa kuchanga fedha za gari, na wenye kuchagua kwa kufuata sifa za barabarani huenda wakatupa mtoni fedha za maskini.

Kwanza tuitazame njia. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira, inafuata ziwa Tanganyika mpaka Baraka, halafu inaliacha ziwa na kupanda Fizi, kisha inaendelea Lulimba na Misisi kuelekea Kalemie. Kando ya ziwa kuna mchanga na mito inayoporomoka kutoka milimani. Upande wa Lulenge kuna tope linaloshika gari mpaka tumboni. Gari la huku haliuawi na urefu wa safari. Linauawa na mtikisiko, na maji yanayoingia mahali pasipoonekana, na mizigo, maana kwetu gari haliondoki likiwa na nafasi tupu.

Jeep ya asili ilizaliwa kwa ajili ya vita. Jeshi la Marekani liliitaka mwaka 1940, na kufikia mwisho wa vita mwaka 1945 viwanda vya Willys na Ford vilikuwa vimetoa zaidi ya 600,000. Ilikuwa nyepesi, kama kilo 1,100 tu, wala haikuundwa ili idumu miaka thelathini. Ilitosha ipone vitani. Katika Baraka jina la jeep lina kumbukumbu nyingine pia. Tarehe 28 Novemba 1964 jeep ya waasi ilisimama mbele ya kanisa. Bruda Vittorio Faccin aliamriwa kupanda, akakataa, akapigwa risasi; Padre Luigi Carrara akapiga magoti karibu na maiti ya ndugu yake, akauawa papo hapo. Jioni wauaji wakafika Fizi, wakawaua Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Hao wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Wazee wengine hawapendi neno jeep mpaka leo, nasi hatuwalaumu.

Land Rover ni mtoto wa jeep. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkubwa wa mafundi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jeep ya vita katika shamba lake huko Anglesey, akafikiri kutengeneza iliyo bora. Gari likaonyeshwa kwa watu Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Wakati ule chuma cha mabati kilikuwa adimu Uingereza, ndiyo sababu mwili wake ulifanywa kwa alumini. Basi lile "bati" linalochekwa halishiki kutu! Kinacholiua gari hili ni chasi, yaani mifupa yake iliyo chini. Hiyo ni ya chuma, ni mabapa yaliyounganishwa kuwa kama sanduku refu, na tope likiingia ndani halitoki. Kutu hula kutoka ndani kwenda nje, na mwenye gari haoni kitu mpaka siku mfupa unapovunjika. Tena mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe huliwa ikawa unga mweupe. Wabelgiji walikuwa na Land Rover yao, iliyojengwa Antwerp na kampuni ya Minerva tangu mwaka 1952 kwa ajili ya jeshi lao. Mwili wake ulikuwa wa chuma, nao ulishika kutu kama debe.

Udhaifu wa pili wa Land Rover za zamani ulikuwa shafti za nyuma, zile zinazozungusha magurudumu. Ukitia mzigo mkubwa na kukanyaga mafuta kwa pupa ndani ya tope, shafti hukatika. Lakini angalia jambo hili. Shafti hiyo ilishikwa kwa boliti sita tu, ikavutwa nje bila hata kuinua gari, na dereva mwenye akili alibeba nyingine chini ya kiti. Betri ikifa, palikuwa na mpini wa chuma wa kuizungusha injini kwa mkono. Gari lilivunjika mara nyingi, likapona mara nyingi.

Toyota ilikuja kwa njia nyingine. Gari lake la kwanza la namna hii, la mwaka 1951, lilitiwa injini ya lori yenye ukubwa wa lita 3.4, na mwaka huo likapanda mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Land Rover ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 1.6 tu. Mwenye nguvu nyingi akibeba mzigo wa kadiri hachoki upesi. Injini nayo ni vivyo hivyo. Jina la Land Cruiser likatolewa mwaka 1954. Mwishoni mwa miaka ile ya 1950 wakandarasi wa Australia walizipeleka kwenye kazi za maji na umeme katika milima ya Snowy, na huko Land Rover ikaanza kupoteza ufalme wake.

Mwaka 1984 ikatoka ile Land Cruiser tunayoijua sote, ya mfululizo wa 70, na tangu mwaka 1990 ikapewa injini ya 1HZ: mitungi sita, lita 4.2, nguvu za farasi karibu 130. Kwa ukubwa ule nguvu hizo ni kidogo, na hapo ndipo penye siri yake. Pampu yake ya mazutu inaendeshwa kwa meno ya chuma wala haihitaji kompyuta. Injini hiyo hiyo imo katika mabasi madogo ya Coaster, kwa hiyo vipuri vyake vinatafutwa na watu wengi, na kitafutwacho na wengi huletwa na wafanya biashara. Mwili wake, tuseme kweli, unashika kutu kuliko wa Land Rover, hasa sakafuni na kwenye mifereji ya paa.

Land Rover ilifanya kinyume. Mwaka 1998 ilitia injini iitwayo Td5, inayotawaliwa na kompyuta. Ilikuwa injini nzuri barabarani kwao. Lakini fundi wa Baraka mwenye spana na nyundo atamwuliza nini huyo kompyuta? Land Rover ya namna ya kale ilikoma kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016.

Kuna jambo moja linalodanganya macho ya watu. Land Cruiser nyingi tulizoziona zikidumu zilikuwa za mashirika. Médecins Sans Frontières walianza kazi Baraka mwaka 2003. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa nalo lilikuwa na magari yake kwa ajili ya waliorudi kutoka Tanzania. Magari hayo yana karakana, vichujio vipya, na dereva anayeandika kilometa kila siku. Mwaka 2020, baada ya kushambuliwa mara kadhaa, Médecins Sans Frontières walipunguza sana kazi zao katika Fizi. Gari la parokia halina karakana. Hunyweshwa mazutu ya dumu, yenye maji na mchanga, na mama anayeumwa uchungu usiku hulingojea gari hilo hilo.

Kwa ajili ya mazutu hayo, Toyota mpya zenye pampu za kompyuta si ndugu wa ile ya 1HZ, ijapokuwa jina ni moja. Mafuta yao husukumwa kwa nguvu nyingi mno kupitia vitundu vyembamba sana, na uchafu kidogo unaviharibu. Baraza likionyeshwa gari la mkono wa pili, lisitazame rangi. Fundi alale chini na nyundo, agonge chasi tangu mbele mpaka nyuma, hasa penye maungio: chuma kizima hulia, kilicholiwa hunyamaza. Kisha aulizwe yeye, si mwuzaji, kama pampu ya gari hili ikifa leo, nyingine itapatikana wapi. Akisema Uvira au Kigoma, mazungumzo ya bei yaanze. Akisema Dubai, gari liachwe kwa mwenye fedha za kungojea.