Upumuaji wa seli

Upumuaji wa seli ni mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali ambayo kwayo seli huvunjavunja glukosi na vyakula vingine ili kupata nishati, nao ni tofauti na uvutaji wa hewa, kwani hata punje ya mtama isiyo na mapafu hupumua. Hatua ya kwanza, glaikolisisi, hufanyika katika saitoplazimu bila oksijeni, na kila molekuli ya glukosi huzaa molekuli 2 tu za ATP, yaani kemikali inayobeba nishati hadi inapotumika. Hatua zinazofuata, ukiwamo mzunguko ulioelezwa na Hans Krebs mwaka 1937, hufanyika ndani ya mitokondria palipo na oksijeni, zikifikisha jumla kwenye 30 hivi na kuacha kabonidayoksaidi na maji.

Zaidi ya nusu ya nishati haiingii katika ATP bali hutoka kama joto. Dodoma joto hilo hujulikana kwa mkono: mtengeneza kimea huloweka mtama, huuchuja na kuufunika kwa gunia, na vimizizi vyeupe vinapochomoza, kiganja kinachopenyezwa katikati ya rundo hukuta vuguvugu, kwa sababu kiini cha mbegu kimeamka na vimeng'enya vinageuza wanga kuwa sukari inayopumuliwa. Rundo lisipopinduliwa, punje za katikati hukosa hewa na kuoza. Kimea kikisha kuanikwa, kusagwa na kupikwa pombe, kazi huchukuliwa na hamira, ambayo oksijeni ikiisha huishia kwenye glaikolisisi na kugeuza sukari kuwa alkoholi na kabonidayoksaidi, ndiyo mapovu yenyewe. Mvinyo wa zabibu za Dodoma hupatikana kwa njia hiyohiyo.

Nafaka kavu nayo haijafa, ila hupumua polepole mno. Kiangazi kirefu cha nyanda za kati humsaidia sana mkulima anayepeleka mahindi soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwani kiwango cha Afrika Mashariki hutaka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5; ukizidi, punje na ukungu hupumua kwa kasi, na kwa kuwa upumuaji wenyewe huzaa maji na joto, gunia hujichemsha lenyewe. Katika mfuko usiopitisha hewa, dumuzi, mdudu aliyeonekana kwanza barani Afrika huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, humaliza oksijeni aliyofungiwa nayo, akaacha kula na kufa, ilhali punje kavu iliyo kando yake, isiyohitaji ila kidogo, huweza kupandwa msimu ujao.