Masango ya Usui

Sonara wa pwani hukunja fedha kukifuata kito kisicholingana pande zake; fundi wa Usui, nchi ya Biharamulo ya leo, jirani ya Ngara, alikunja waya kuufuata mkono wa mvaaji. Masango hayo ya shaba yaliletwa kutoka pwani mabegani mwa wapagazi, pamoja na ushanga na nguo. Kwa hiyo pambo lilikuwa pia mali, na mali haikupita bila ruhusa. Mwaka 1861 Mfalme Suwarora alimtoza John Hanning Speke hongo ya vitu hivyo. Kitabu cha msafiri huyo, kilichotoka mwaka 1863, kimejaa manung'uniko. Lakini forodha ya Unguja nayo ilitoza ushuru. Kwa nini basi ule uitwe sheria, na huu uitwe uroho?